Kijani Juu ya Bluu

Sura ya Tisa

Ofisi ya Usafiri Endelevu ya Chuo Kikuu ilikuwa chini ya ngazi za jengo la Jiolojia, katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya mafagio. Mafagio yenyewe yalihamishiwa mahali penye dirisha. Chumba alipewa Eliécer Tibaduiza, mzaliwa wa Sogamoso, mwenye umri wa miaka ishirini na saba na mapaja yaliyowashinda mafundi cherehani wawili, pamoja na meza moja, mkasi wa kukatia chuma wenye mikono mirefu, na wito mtukufu wa kuwashawishi watu elfu thelathini waje chuoni bila magari. Mkuu wa Chuo aliuunga mkono wito huo kwa vitendo. Mara moja kwa mwaka alikuja kwa baiskeli, huku gari lake likimfuata nyuma taratibu, limebeba mkoba wake na koti kavu.

Jumapili hiyo ya Mei mbingu ya Bogotá ilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa vyombo. Eliécer alitoka ofisini akisukuma baiskeli ya kijani, mpya machoni ingawa si mpya kwa umri, huku amekunja mguu mmoja wa suruali yake ya heshima hadi kwenye soksi.

Don Heraclio, mlinzi wa lango, alimtazama kuanzia kiatu hadi kofia.

"Unakwenda kuposa au kuzibua mfereji?"

"Nakwenda kula chakula cha mchana, Don Heraclio."

"Kwa Yolima?"

"Kwa mama yake."

"Basi ni kuposa. Na hiyo ndiyo mahari?"

"Ni zawadi ya Yolima. Kila siku anasimama basini saa moja na nusu kutoka Bosa, na kurudi vilevile."

Mzee alitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyeona mengi. "Miaka thelathini nimekaa langoni hapa. Nimeona wanaume wakipeleka maua, chokoleti, hata paka. Wewe ndiye wa kwanza kumpelekea mwanamke kazi ya kukanyaga."

Eliécer alicheka, akapanda. Barabara kuu zilikuwa zimefungwa kwa magari kama Jumapili zote, na mji mzima ulikuwa juu ya magurudumu: vitoto, vikongwe, mbwa ndani ya vikapu. Manyunyu yalianza kabla hajafika njia panda ya kwanza. Baiskeli iliteleza vizuri, ila ilikuwa na kasoro moja iliyomuaibisha kama fundi. Kila ilipopita shimo, kitu kidogo kiligonga mahali fulani upande wa usukani. Ti. Ti. Alikuwa amekaza kila boli mara mbili na hakukipata.

Fremu yake aliichagua yeye mwenyewe kati ya baiskeli arobaini na tatu za Januari. Kila likizo ndefu, maegesho ya chuo hujaa baiskeli zilizosahauliwa na waliohitimu, waliohama, waliokata tamaa. Kanuni aliiandika Eliécer kwa mkono wake. Baiskeli iliyolala hufungiwa kadi ya rangi ya chungwa. Mwenyewe asipojitokeza kwa siku thelathini, kufuli hukatwa, baiskeli hutengenezwa, hupakwa kijani cha chuo, kisha mwanafunzi asiye na uwezo huazimwa bure. Ilikuwa kanuni nzuri. Magazeti mawili yaliisifu, na mama yake alikata habari zote mbili akazibandika juu ya friji kule Sogamoso.

Njiani aliwaza uso wa Yolima atakapoiona.

Walikutana Februari, wiki ya kwanza ya masomo, mbele ya maegesho ya maktaba. Msichana mwembamba wa udaktari wa mifugo, nywele zimelowa, alikuwa amesimama akitazama nafasi namba 114, ambayo haikuwa na kitu. Eliécer alidhani anataka kujiunga na mpango, akamkaribia na karatasi za matangazo. Msichana alimtazama, na macho yale yakamfanya asahau faida zote saba za usafiri endelevu, ambazo alizijua kwa moyo.

"Hapa palikuwa na baiskeli ya kaka yangu," alisema. "Wameiiba."

Kaka yake aliitwa Wílmer, na alikuwa amekufa miaka miwili nyuma. Yolima alisema hayo tu, na Eliécer hakuchimba. Alisema tu kile ambacho mwanamume yeyote angesema mbele ya macho kama yale: "Aliyeichukua, mikono yake ikauke."

"Amina," alijibu Yolima.

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, kwa laana iliyoitikiwa.

*

Nyumba ilikuwa ya matofali mekundu, ghorofa moja na nusu, maana ile nusu ya pili ilikuwa bado inasubiri saruji. Yolima alifungua mlango kabla hajabisha. Alikuwa amevaa sweta ya njano, na kwa muda walisimama wakitazamana kama watu waliokutana bandarini, ilhali walikuwa wameonana Ijumaa.

"Umelowa," alisema.

"Kidogo."

"Mama ana hasira kidogo."

"Basi tuko sawa."

Alitabasamu, akamgusa vidole, haraka, kama anayeiba. Kisha akaiona baiskeli. Tabasamu lilipanuka, na Eliécer akaona kuwa miezi yote mitatu ya msasa na rangi ilikuwa imelipwa.

"Ni yangu?"

"Ni yako. Hutasimama basini tena."

"Yolima!" sauti ilitoka jikoni. "Mwambie huyo kijana aingie, asiniachie mlango wazi na baridi hii. Na hicho kitu chake akiingize. Mtaa huu wanaiba hata kivuli."

Doña Otilia alitokea akijifuta mikono. Alikuwa mfupi, mgongo umenyooka, nywele amezibana nyuma bila huruma. Mara tatu alikuwa amekataa kumpokea Eliécer, na sababu yake ilijulikana hadi kwa majirani: mwanamume wa magurudumu mawili atamfikisha binti yake nusu ya safari.

"Habari za mchana, Mama," alisema Eliécer, kofia mkononi.

"Kwa hiyo ni wewe. Mchana wangu mzuri, wako ni wa maji. Unafundisha nini hapo chuoni?"

"Sifundishi, Mama. Ninawahimiza watu waje kwa baiskeli."

"Wanakulipa kwa hilo?"

"Mama," alisema Yolima.

"Nauliza tu. Mimi nimewahimiza watu waende misani miaka arobaini, sijapata hata senti." Lakini pembe ya mdomo wake ilitikisika, na harufu ya supu ya viazi na kuku ikawafikia, na Eliécer akadhani, masikini, kwamba mambo yanaelekea kwenye sahani.

Doña Otilia alichukua kitambaa kutoka begani. Chombo kilicholowa hakikai sebuleni mwake. Akainama mwenyewe na kuanza kuikausha baiskeli. Aliifuta bila kuitazama, akiendelea kuuliza. Wazazi wa Eliécer wanafanya nini? Wanalima vitunguu. Wako wangapi kwao? Sita. Mkono wake ulienda kwa mpangilio wake wenyewe: usukani, shingo, bomba la juu, kiti. Ulikuwa mkono uliofanya kazi hiyo jioni nyingi sana.

Ghafla, katikati ya bomba la juu, ulisimama.

Ulirudi nyuma. Ukapita tena, polepole, bila kitambaa.

"Hapa pamebonyea," alisema.

"Ndiyo, Mama," Eliécer alisema kwa aibu ya fundi. "Nilijaribu kupanyoosha. Chuma cha zamani, hakikukubali."

Doña Otilia hakumsikia. Alishika mkono wa kulia wa usukani, akauzungusha ule mpira wa kushikia kama anayefungua chupa, akauvuta. Mdomo wa bomba ulikuwa umezibwa kwa nta ya mshumaa, ya zamani, imepasuka. Akaichokonoa kwa ukucha. Akainamisha usukani.

Ti.

Medali ndogo ya Bikira Maria wa Chiquinquirá ilianguka kiganjani mwake.

Eliécer alikuwa amevua mipira ile na kuvisha mipya, na hakutazama ndani ya bomba. Nani hutazama ndani ya bomba?

"Niliitia mimi hii," Doña Otilia alisema. "Siku aliyofaulu kuingia chuo. Niliiziba kwa mshumaa wa Krismasi."

Jikoni supu ilichemka peke yake.

"Ilikuwa bluu," alisema Doña Otilia.

Eliécer alimtazama Yolima. Sweta ya njano ilikuwa bado ya njano, lakini uso uliokuwa juu yake ulikuwa umepoteza rangi zote. Alikuwa akiitazama ile rangi ya kijani. Kila mtu chuoni aliijua rangi ile. Akamwona akielewa, hatua kwa hatua, kama mtu anayeshuka ngazi gizani: kijani, kisha mpango, kisha kadi za chungwa, kisha Januari, mpango ulipofika kwa mara ya kwanza maegesho ya maktaba, wakati yeye na mama yake walipokuwa mji wa Duitama wakimuuguza shangazi. Alifika chini. Na kutoka kule chini akainua macho akafanya jambo ambalo Eliécer hatalisahau.

"Ameinunua, Mama," alisema haraka. "Sokoni, kwa wale wauza vitu vya wizi. Wanazipaka rangi wasijulikane. Yeye angejuaje? Si ndiyo, Eli? Uliinunua."

Macho yake yalimsihi. Kilikuwa kijilango kidogo, na alikuwa amekishikilia wazi kwa mikono miwili. Alichotakiwa kufanya ni kuinamisha kichwa na kupita. Doña Otilia angemlaani mwizi asiye na jina, wangelia wote watatu, kisha wangekula. Labda hata angependwa: mjinga aliyeirudisha baiskeli nyumbani bila kujua.

"Uliinunua?" aliuliza Doña Otilia.

Eliécer aliitazama mikono yake. Haikuwa imekauka. Ilikuwa na rangi ya kijani kwenye kucha.

"Hapana, Mama," alisema. "Nilikata kufuli mimi mwenyewe."

Alieleza. Alieleza kadi, siku thelathini, kanuni. Aliposikia neno "kanuni" likitoka kinywani mwake katika sebule ile, alinyamaza, lakini lilikuwa limekwisha kutoka.

Doña Otilia alikaa kwenye kiti, medali ndani ya ngumi.

"Yolima hakukwambia," alisema. Sauti yake haikuwa na hasira, na afadhali ingekuwa nayo. "Siku ile ilinyesha kama leo. Wílmer akaifunga baiskeli yake pale chuoni, akapata lifti ya pikipiki ya mwenzake. Akanipigia simu. Mama, nimeiacha baiskeli, mvua kubwa, nitachelewa kidogo. Pikipiki iliteleza kwenye daraja. Ufunguo wa kufuli hatukuupata. Watu wakaniambia, Otilia, tuma mtu akaikate, uilete nyumbani. Nikasema hapana. Aliyeifunga ni yeye. Maadamu imefungwa, mwanangu amechelewa tu."

"Mama, sikujua."

"Kila jioni nilimuuliza huyu, umeiona? Ananiambia, nimeiona, Mama, ipo. Februari akaanza kuninyamazia, nikajua. Wameiiba, nikasema, na bado kila jioni nikauliza. Mwizi ni mwizi, ana njaa. Mwizi hakuletei ujumbe." Akainua macho. "Lakini wewe, kijana, wewe ulisubiri siku thelathini, ukahesabu, ukaona haji. Ukaandika mahali kwamba haji."

Eliécer alitaka kusema kwamba haikuwa hivyo. Ilikuwa hivyo hasa. Daftari, ambalo Februari hakufikiria kulifungua, lilikuwa ofisini, mwandiko wake, wino wa bluu: *114, hakuna aliyejitokeza.*

"Kufuli liko wapi?" aliuliza Doña Otilia.

"Tunayatupa kwenye pipa, Mama. Makufuli yaliyokatwa."

"Nalitaka lile alilolifunga. Lilete, kisha usirudi."

Alitoka bila kula. Yolima alimsindikiza hadi kizingitini, akasimama ndani, yeye nje, mvua ikimwagika katikati.

"Nilikufungulia mlango," alinong'ona.

"Najua."

"Kwa nini hukupita?"

Eliécer alivaa kofia yake iliyolowa. Alirudi mjini kwa basi, amesimama saa moja na nusu, mguu mmoja wa suruali bado umekunjwa, na kila mtu alimkanyaga kwa usawa.

*

Pipa lilikuwa na makufuli ya miaka minne. Alilimwaga sakafuni chini ya ngazi za Jiolojia, akapiga magoti, akachambua. Lililokuwa la 114 alilipata mnamo saa kumi na mbili jioni. Alilijua kwa kadi ya chungwa yenye namba iliyokuwa bado imening'inia, na kwenye tundu la ufunguo palikuwa pamefungwa kipande cha uzi mwekundu. Januari hakukiona kile kipande cha uzi. Au alikiona, akaendelea.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, alikuwa akitembea kuelekea langoni, kufuli mfukoni, akiwaza namna ya kulifikisha Bosa. Hakuhitaji kwenda mbali. Mbele ya maegesho ya maktaba, amelowa hadi kwenye mifupa, alikuwa Yolima. Baiskeli ya kijani ilikuwa katika nafasi namba 114.

"Umeiendesha?" alisema Eliécer. Lilikuwa swali la kijinga, na lilikuwa la kwanza lililokuja.

"Nimeisukuma. Tumetoka saa kumi alfajiri. Mama alikuja nami hadi darajani, akarudi." Viatu vyake vilikuwa matope matupu. "Hataki mtu mwingine aipande. Anataka irudi ilipokuwa."

Kufuli jipya lilikuwa limefungwa, zito, la kubana bila ufunguo, la bei kubwa kuliko baiskeli yenyewe.

"Na ufunguo?"

"Mama aliutupa mtoni jana. Tunjuelo. Kabla sijainuka kwenye kiti kumzuia."

Eliécer alitoa kufuli la zamani mfukoni. Yolima alilipokea, akaona uzi mwekundu, akaufunika kwa dole gumba. Wanafunzi walipita wakiwatazama. Wengine walitabasamu, kwa sababu kwa mbali msichana na mvulana waliosimama karibu hivyo kwenye mvua hufanana na wapenzi.

"Ningekula kwenu kila Jumapili nikiwa mwizi," alisema Eliécer. "Ndiyo maana sikupita."

"Na mimi ningejua, na ningeubeba uongo huo. Mimi ni mdogo, nina mgongo. Sasa anabeba yeye." Akajifuta mvua usoni. "Jana hakuniuliza. Unaelewa? Miaka miwili kila jioni, umeiona? Jana jioni alipika, akala, akalala. Hakuuliza."

"Yolima."

"Sikuchukii. Kama ningekuchukia, ningekuwa na kazi nyepesi."

"Nitakungoja. Uniambie tu ni mpaka lini."

Hapo ndipo alimtazama, macho yale yale ya Februari, na Eliécer akatamani dunia iwe na kanuni yoyote, hata ya kijinga, ambayo ingemruhusu amkumbatie.

"Usinihesabie siku, Eli," alisema. "Wewe hasa. Usinihesabie."

Akaweka kufuli lililokatwa ndani ya begi, kati ya vitabu vya mifugo, akaenda darasani kwa viatu vile vya matope. Hakugeuka. Eliécer alitazama hadi sweta ya njano ilipokuwa nukta, na nukta ilipoingia mlangoni.

Don Heraclio alikuja kutoka langoni na mwavuli mmoja uliovunjika ubavu, akaushika juu yao wote wawili. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini hakuwa na mzaha. Au alikuwa nao, akaumeza.

"Leo ni siku ya kukagua maegesho," alisema mwishowe. "Nimekuletea daftari lako. Tuanze na zile za mbele?"

"Tuanze."

Walipita safu kwa safu. Eliécer alisoma namba, mzee akashika mwavuli, kadi za chungwa zikalowa mkononi. Walipofika katikati, mzee alisimama.

"Hii ya kijani ni ya kwetu. Kufuli si letu. Niandike nini? Imeachwa?"

Eliécer alichukua daftari. Tone la mvua lilidondoka kwenye ukurasa, likavimbisha mistari. Alipata 114, na juu yake, Januari, mwandiko wake mwenyewe. Akaukata kwa mstari mmoja, kwa uangalifu, bila kuchana karatasi.

Pembeni akaandika: *Mwenyewe amechelewa.*